Siku Tuliyokwenda Kuiposa Kampuni

Mie shule niliiacha darasa la nne, na sikuiacha kwa ugonjwa wala kwa vita. Niliiacha kwa sababu kwenye duka la Mhindi mmoja pale Darajani, Unguja, kulikuwa na cherehani, na cherehani ilinifurahisha kuliko ubao. Nalisema mapema ili asije mtu akatafuta maneno makubwa humu. Sina. Nilichokuwa nacho maisha yangu yote ni mikono hii, na jicho la kumtazama mtu akiingia mlangoni nikajua bega lake lipi limeshuka.

Kwa mikono hiyo nilifika London, nikashona makoti ya kike katika kiwanda cha mashariki mwa mji mpaka kiwanda kikafa, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaingia kwenye kampuni kubwa ya burudani, upande wa magharibi. Walikuwa wakitengeneza vichekesho vya televisheni, na zile tamthilia za mabwana na mabibi wa zamani ambazo Waingereza hawachoki kuzitazama. Mabwana na mabibi wale wanavaa. Nani aliwavika? Sisi. Nilianza kwa kupunguza suruali na kukaza vifungo, na baada ya miaka chumba cha kushonea kikawa changu. Mlangoni hapakuwa na jina langu, lakini mtu akiuliza nguo iko wapi aliambiwa, "Muulize mzee."

Kilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo, hakina dirisha, kinanuka mvuke wa pasi. Alikuwamo mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akifua na kupiga pasi, mkimbizi wa vita vya kwao, mlokole, anayeniita Papa. Walikuwamo Waingereza wawili watatu waliokuja wakaondoka. Na alikuwamo binti yangu.

Binti yangu alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha kusengenyana, lakini ukimsemesha anakujibu Kizungu. Nilishaacha kupigana naye. Mie nasema changu, yeye anasema chake, na kazi inakwenda. Alikulia chini ya meza yangu ya kukatia, akichezea vipande, halafu akaenda chuo akajifunza kukata kwa karatasi na vipimo, mambo ambayo mie nayafanya kwa chaki na macho. Nilimwingiza chumbani mwenyewe. Wakasema anabebwa na babake. Nikawaambia ndiyo, nimembeba, leteni wa kwenu tuwashindanishe. Hawakuleta.

Nyumbani tulikuwa Barking, mashariki mwa mji, watatu. Mke wangu alikuwa mpishi wa shule, akibishana na watoto wa watu kwa Kiingereza kutwa nzima, mpaka siku alipopatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala. Na Kiingereza kikamtoka chote, kama mtu aliyezimiwa redio. Kilichobaki ni Kiswahili, tena kile cha utotoni kwake, Pemba, taratibu, neno kwa neno. Halmashauri ilituletea wanawake wa kumhudumia. Walikuwa watu wazuri, lakini walimsemesha kwa sauti ya juu kama kiziwi, naye akawafumbia macho mpaka wakaacha kuja. Aliyekubali amwogeshe ni binti yake peke yake. Kila asubuhi kabla ya kazi, na jioni tena.

Na mie? Mie hakunitaka. Tumelala kitanda kimoja ujana wetu wote, lakini kwenye kuogeshwa alinifukuza. Alisema, "Nikifa utaniosha, sheria inakuruhusu. Leo niitie mwanangu." Nikaona ni haki yake. Nikawa nachemsha maji, naweka beseni mlangoni, naondoka.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi siku kampuni ilipotuita.

Walituita wote, wenye mikoba ya ngozi na wenye mifagio. Tulikusanywa ndani ya studio kubwa ambamo walikuwa wamejenga sebule ya tajiri wa zamani: mazulia, picha za mababu wa uongo, na ngazi nzuri ya mbao inayopanda halafu inakatika hewani, maana kamera haina haja ya kujua inakwenda wapi. Mkubwa wa wakubwa akapanda ngazi ile kidogo ili tumuone. Akasema kampuni inahama. Si yote. Wakubwa wa juu watabaki London. Studio, mafundi wa mbao, rangi, nywele na nguo, vyote vinakwenda mji mmoja wa kaskazini, safari ndefu kwa treni, ambako wenyeji wamewapa ardhi na jengo jipya. Anayetaka kwenda atafikiriwa. Asiyetaka atashukuriwa. Alisema hii ni fursa, akalirudia neno hilo mpaka likapoteza ladha.

Mama wa Kikongo alinisogelea. "Papa, huyu anasema tufurahi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi aanze yeye."

Tulitazama. Hakuanza.

Jioni ile binti yangu alikuwa jikoni akimpondea mamake ndizi. Akasema, bila kugeuka, "Mimi siendi, Baba. Nitatafuta kazi nyingine hapa hapa."

"Kazi gani?"

"Yoyote. Kuna duka la viatu pale kituoni wanatafuta watu."

"Umesomea viatu?"

"Na Mama je?" akasema. "Nani atamwogesha? Wewe?"

Angekuwa mtu mwingine angeshukuru, akafunga mdomo. Lakini mie sikumlea mtoto chini ya meza ya kukatia ili akawavalishe watu viatu. Nilitaka vyote: mwanangu abaki, na mkasi wake ubaki mkononi. Na kulikuwa na mlango. Ilisemekana kwamba chumba kidogo cha kushonea kinaweza kuachwa London, kwa ajili ya waigizaji wanaoishi hapa, wasipande treni kwa sababu ya zipu. Neno la mwisho alikuwa nalo meneja wetu wa nguo, kijana mpole, umri wake mdogo kuliko baadhi ya mikasi yangu.

Mwingereza angekwenda akagonga mlango akamwambia meneja shida yake. Mie nilikwenda kwa maalim.

Maalim huyu alikuwa akisomesha watoto wetu Kurani pale Barking, na posa zote za watu wa kwetu upande wa mashariki mwa London zilipita mdomoni mwake. Watu waliogombana akawapatanisha, walioachana akawarudisha. Kiingereza chake kilikuwa safi, cha ofisi za zamani, alikipata akiwa karani bandarini. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba tatizo lilikuwa lugha. Nilimweleza yote. Akazungusha kofia yake, akasema, "Hili si la kwenda mtu mmoja. Hili la kwenda wazee."

Tukamchukua mzee wa tatu, rafiki yetu, dereva wa basi aliyestaafu. Tukavaa kanzu na kofia, makoti mazito juu. Nikabeba kikapu cha halua kilicholetwa na mgeni kutoka Unguja, na chupa ya kahawa na vikombe vyake. Tukapanda treni Barking asubuhi, na njia nzima dereva wa basi hakuacha kuitukana treni. Haina adabu, alisema, inapita chini ya watu bila kuwasalimu.

"Haya nambieni," akasema tulipokaribia. "Leo tunaiposa kampuni. Mahari nani anatoa?"

"Wewe," nikamwambia. "Una pensheni."

"Na kama bibi harusi ni kizee?"

"Nyamazeni," akasema maalim. "Watu wanatutazama."

Meneja alitupokea vizuri, mie siwezi kumsema. Alitafuta viti mwenyewe. Maalim akaanza pale panapoanziwa. Akamuuliza hali yake, hali ya wazazi wake kama wako hai. Akalisifu jengo. Akaisifu kampuni ilivyotustahi kwa miaka yote. Meneja akatazama saa ya ukutani, lakini alikuwa anatabasamu. Kisha maalim akasema, nakumbuka kila neno: "Bwana, huyu mzee unamjua, na kazi yake unaiona. Ana mtoto mmoja wa kike, na mtoto huyo yuko mikononi mwako. Mama yake ni mgonjwa kitandani. Sisi hatukuja kukufundisha kazi. Tumekuja kukuomba tu, wakati wa kugawa, umkumbuke mtoto huyu."

Akanyamaza. Basi. Hapo ndipo mwisho wake.

Kwetu, hata mtoto angeelewa. Mtoto mmoja, mama kitandani: maana yake, usiwatenganishe, utuachie chumba chetu. Kulitamka lenyewe ni kumbana mtu ukutani, na mtu mzima habanwi ukutani. Unamwachia nafasi alione mwenyewe, alitoe kama lake, abaki na heshima yake. Na mie sikufungua mdomo. Baba hasemi siku ya posa, hukaa akatazama vidole vya miguu yake. Nilitazama vidole vyangu.

Kisha nikafungua kikapu. Nilikuwa nangojea hapo. Mtu asiyetaka kukusikiliza hatagusa ulichobeba, atasema ameshiba, na wewe utakunja kikapu chako mwende zenu bila mtu kuaibika. Meneja akala. Akasema hajawahi kula kitu kama kile, akaongeza. Kahawa ikamkunja uso, akainywa hivyo hivyo mpaka chini. Akasimama, akatupa mkono mmoja mmoja.

"Niachieni mimi," akasema. "Nimewaelewa."

Dereva wa basi, maalim aliniambia baadaye, aliporudi kwenye ile treni yake hakuitukana tena. "Bibi harusi kakubali," akasema, akalala mpaka Barking.

Mie nilibaki, nikateremka chumbani kazini. Binti yangu alikuwa akivisha sanamu la kupimia, akaniona na kanzu. "Mmekwenda kusema nini?" akauliza.

"Mambo ya wazee," nikasema. Anayeombewa haambiwi.

Mama wa Kikongo alingoja mpaka binti ametoka. "Papa, amesema nini?"

"Amesema tumwachie."

"Sasa mumemwachia nini?"

"Shida yetu."

"Mulimwambia ni shida gani?"

"Ameila halua yote, mama."

Akarudi kwenye pasi yake. "Pengine alikuwa na njaa tu," akasema.

Nikatundika koti, nikashika sindano. Nyumbani nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia mke wangu kwamba yamekwisha, mtoto habanduki, tumezungumza na mwenye neno. Alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Kwa muda, nyumba ile ilitulia. Nilisikia wakicheka bafuni, mama na mwana, huyu kwa Kiswahili na huyu kwa Kizungu, maji yakimwagika.

Halafu meneja akateremka mwenyewe chini kwetu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akaniita tusimame ukumbini, kati ya magauni yaliyotundikwa kwenye reli. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyebeba zawadi.

"Nimepigana," akasema. "Haikuwa rahisi. Kule walikuwa na mtu wao tayari. Nimewaambia hapana, kiti ni chake."

"Kiti gani?"

"Binti yako. Atakuwa mkuu wa chumba cha kushonea kule. Ni kikubwa mara nyingi kuliko hiki, na kina madirisha."

Nikashika gauni lililokuwa karibu. "Na hiki cha hapa?"

"Hiki kinafungwa, mzee. Chote. Nilijua unalijua hilo." Akanitazama vizuri. "Baada ya nyinyi kuja sikuweza kulisahau. Wazee watatu, na mavazi yenu, mmekuja kumwombea binti. Baba yangu mimi hakuwahi hata kuniuliza nafanya kazi gani."

"Mama yake mgonjwa," nikasema. Nilitaka kusema mengine, yakaja hayo tu.

"Alinieleza yule bwana. Ndiyo maana nimehakikisha mshahara wake unakuwa mzuri. Aweze kuwasaidia."

Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Niambie. Mtu amekula halua yako, amekwenda akapigana, amekurudia na ushindi mkononi. Nilisema ahsante. Nilishika mkono wake nikasema ahsante.

Niliporudi ndani nikachukua koti lililokuwa na kazi, nikajaza pini mdomoni nianze kulibana kiuno, ili nisitazamwe. Binti yangu akaingia mbio, alikuwa ameshaambiwa. Akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hatufanyi.

"Ahsante, Baba," akasema, kwa Kiswahili. Mengine yakamwagika kwa Kizungu. Kwamba alikuwa akikitamani kiti kile tangu siku ya ngazi. Kwamba hakuthubutu kunitamkia, alijua sitamruhusu kamwe, kwa sababu ya Mama. "Kumbe wewe ndiye uliyekwenda kuniombea," akasema. "Tena na wazee." Akalia begani kwangu, binti mtu mzima wa miaka thelathini.

Fundi akiwa na pini mdomoni hasemi. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kimto mpaka ya mwisho. Nikamwambia, "Kule baridi. Chukua koti langu zito."

Mama wa Kikongo alikuwa ananitazama kupitia mvuke. Hakusema neno. Namshukuru kwa hilo mpaka leo. Yeye hakufikiriwa wala hakushukuriwa, alikwenda kufagia maofisi.

Kwa maalim nilikwenda nikiwa nimefura. "Hukulisema," nikamwambia.

"Nililisema lote."

"Hukulitaja."

"Tangu lini linatajwa?" Akaweka kitabu chake pembeni. "Na wewe ulikuwepo. Ulikuwa na ulimi."

"Baba hasemi."

"Basi," akasema maalim. "Baba hasemi, na mie sitaji. Tumefanya sawasawa kabisa."

Dereva wa basi alikuwa pale, kwenye kona. "Tumekwenda kuposa," akasema, "tumerudi tumeozesha." Tulimtazama, naye akaona kwamba si siku yake.

Mke wangu aliambiwa na binti mwenyewe, usiku huohuo, mikono imeshikana, "Baba ameniombea." Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia Mungu akubariki. Binti alipotoka akanigeuzia macho. Yalikuwa macho ninayotazamia mie kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Sivyo nilivyokusudia," nikasema.

"Najua." Alitafuta maneno, yakaja polepole. "Nimeishi na wewe. Nakujua."

"Nitamwambia."

"Umwambie nini? Abaki, amenuna, akiniogesha?" Akapumzika. "Mwache aende na furaha yake."

Binti yangu hajui mpaka leo. Haya ninayoyaandika hatayasoma, Kiswahili cha kusoma hana, na mie sitamsomea.

Chumba kilifungwa mwaka ule. Walikuja vijana na gari, wakabeba masanamu ya kupimia kwapani kama walevi wanaosaidiwa kurudi nyumbani. Cherehani yangu walisema ni ya zamani, haiendi. Nikawaambia inakwenda. Wakasema hapana mzee, haiendi kaskazini. Nikaiacha mezani, imefunikwa. Nilimsindikiza binti yangu kituo cha treni, amevaa koti langu, limemzidi mabega. Nilitaka kulipunguza wiki ile yote, mikono haikunitii. Akaniahidi kila mwisho wa wiki. Alikuja sana, kisha akaja kiasi, maana chumba chenye madirisha nacho kina kazi zake.

Asubuhi ya kwanza bila yeye nilifanya kama kila siku. Nilichemsha maji, nikachanganya na ya baridi, nikayajaribu kwa kiwiko. Nikabeba beseni. Nilipofika mlangoni miguu ikasimama yenyewe, kwa mazoea, halafu nikakumbuka kwamba hakuna wa kulipokea. Nikaingia nalo. Nilikuwa na sabuni, dodoki, na kanga safi ya kumsitiri.

Mke wangu akatazama beseni, akatazama mikono yangu. Mikono hii ilishawapima mabwana na mabibi wa televisheni, hakuna bega lililoishinda.

"Kwani nimeshakufa?" akauliza.

"Hujafa."

"Basi niitie mwanangu."

Nikamwambia yuko wapi. Alikuwa anajua. Akageuza uso ukutani, mkono ule unaofanya kazi ukaishika kanga kifuani. Nikaweka beseni chini, nikakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia binti. Tukakaa hivyo, yeye na ukuta wake, mie na maji. Yalipopoa nikainuka nikaenda kuyapasha tena.